Hugh Tracey: Aliyeinasa sauti ya Lubiri kabla haijanyamaza

Mnasa sauti huyu aliyefariki dunia mwaka 1977 aliwaachia wapenzi wa muziki hazina ya santuri kutoka Uganda, Kenya, Kongo na nchi nyingine za Afrika. Kwa wakazi wa Kansanga wanaokusanya vifaa vya kusikilizia muziki nyumbani, maisha yake yana funzo moja: ubora wa mtambo hautokani na kifaa kimoja cha bei kubwa, bali na maelewano ya vifaa vyote.

Hugh Tracey alizaliwa mwaka 1903 huko Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, akiwa bado kijana, alihamia Rhodesia ya Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, kumsaidia kaka yake katika shamba la tumbaku. Huko alijifunza lugha ya Wakaranga aliofanya nao kazi, na pamoja na lugha akajifunza nyimbo zao. Walowezi wengi wa zama zile waliuona muziki huo kuwa kelele tu. Tracey aliusikia kuwa sanaa yenye kanuni zake, na akahofu kwamba ungepotea bila kuandikwa popote.

Mwaka 1929 aliwachukua vijana 14 wa Kikaranga hadi Johannesburg, ambako mafundi wa kampuni ya Columbia walikuwa wamefika na mtambo wa kurekodi. Safari hiyo ilimwonyesha ugumu wa kuwapeleka wanamuziki mjini. Tangu hapo alitafuta njia ya kuupeleka mtambo kwao.

Studio juu ya magurudumu

Tangu katikati ya miaka ya 1930 Tracey alifanya kazi ya utangazaji wa redio nchini Afrika Kusini, kwa muda mrefu akiwa Durban. Mwaka 1948 alichapisha kitabu kuhusu wanamuziki wa Kichopi wa Msumbiji na marimba zao. Kwa msaada wa kampuni ya rekodi ya Gallo alianza safari ndefu za kurekodi, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, huko Roodepoort karibu na Johannesburg.

Katika safari hizo lori lake lilikuwa studio kamili. Kazi yake ilitegemea mnyororo wa vifaa ambao kila pete ilipaswa kuafikiana na mwenzake. Wa kwanza ulikuwa umeme. Vijiji alivyovitembelea havikuwa na nyaya za umeme, hivyo alisafiri na jenereta. Lakini jenereta hunguruma, na maikrofoni nzuri hunasa mngurumo huo kwa uaminifu uleule inaonasa zeze. Kwa hiyo aliiweka mbali na wanamuziki na kuvuta waya mrefu hadi kwenye mtambo. Mwendo wake nao ulipaswa kuwa thabiti, kwani umeme unaoyumba huyumbisha kinasa sauti, na kinasa sauti kinachoyumba hubadilisha sauti ya wimbo.

Kisha ilikuja maikrofoni. Tracey hakuisimamisha mahali pamoja. Aliishika mwenyewe, akaisogeza kwa mwimbaji, kwa ngoma au kwa waitikiaji kadiri wimbo ulivyokwenda. Mwishoni kilikuwapo chombo cha kuhifadhi sauti: kwanza sahani zilizochongwa papo hapo, baadaye utepe wa sumaku. Kama pete yoyote ingekatika, uzuri wa zile nyingine usingefaa kitu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mengo, miaka ya 1950 na 1952

Tracey alifika Uganda mwaka 1950 na tena mwaka 1952. Katika Lubiri ya Mengo, kilomita chache kutoka Kansanga ya leo, alirekodi muziki wa kasri la Kabaka Mutesa wa Pili. Miongoni mwa vilivyonaswa ni entenga, seti ya ngoma 15 zilizopigwa na watu sita: ngoma 12 zilizolinganishwa sauti zikibeba wimbo, na tatu zikishika mapigo. Muziki huo ulikuwa wa kasri, wala haukupigwa mitaani.

Miaka 14 baada ya safari ya pili, tarehe 24 Mei 1966, jeshi la serikali ya Milton Obote, likiongozwa na Idi Amin, lilishambulia Lubiri. Kabaka alikimbilia Uingereza na kufariki huko mwaka 1969. Wanamuziki wa kasri walitawanyika, na mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa. Buganda ilimpata tena Kabaka mwaka 1993, lakini utaratibu wa zamani wa wanamuziki wa kasri ulikuwa umekatika. Rekodi za Tracey zikawa miongoni mwa ushahidi adimu wa jinsi entenga ilivyosikika mikononi mwa mabingwa wake.

Wazungumzaji wa Kiswahili nao wana deni kwake. Mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi nchini Kongo, alimrekodi kijana mpiga gitaa aitwaye Mwenda Jean Bosco. Wimbo wa Masanga, ulioimbwa kwa Kiswahili cha Katanga, ulienea kwa santuri za Gallotone hadi Afrika Mashariki, na ufundi wa vidole vyake ukaigwa na wapiga gitaa wengi.

Funzo kwa sebule ya Kansanga

Sehemu ya rekodi hizi zilitolewa upya kwa diski na kampuni ya SWP Records ya Uholanzi. Wapo pia wanaozitafuta katika santuri za asili. Anayetaka kuzisikia vyema nyumbani anarudia, kwa upande wa pili, kazi aliyoifanya Tracey porini.

Aanze na umeme. Uganda hutumia volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde. Baadhi ya mashine za zamani za kuchezea santuri kutoka Marekani zilitengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60. Transfoma hupunguza volti, lakini haibadilishi mizunguko. Mota inayofuata mizunguko hiyo itazunguka polepole kwa sehemu moja ya sita, na akadinda ya Kabaka itasikika kwa sauti ya chini isiyo yake. Kosa hilo lingemuumiza Tracey kuliko yote, kwa kuwa alitembea na uma 54 za chuma za kupimia sauti ili aandike ulinganifu kamili wa kila ala.

Afuatie sindano. Mfuo wa santuri za zamani za mizunguko 78 ni mpana. Huhitaji sindano yenye ncha pana takribani mara tatu kuliko ile ya santuri ndefu. Ishara ya sindano pia ni dhaifu, na kikuzaji chake cha awali lazima kiendane na aina yake, la sivyo sauti itakuwa hafifu au yenye mikwaruzo.

Mwisho, amplifaya na spika vichaguliwe kama wanandoa. Spika yenye wepesi wa desibeli 90 huhitaji nusu ya nguvu inayohitajiwa na ile ya desibeli 87 ili kutoa sauti sawa. Spika ya omu 4 huvuta mkondo mwingi zaidi kuliko ya omu 8, na amplifaya isiyoandaliwa kwa mzigo huo hupata moto. Kwa sebule ndogo, spika ya wastani iliyopata amplifaya inayoifaa hushinda spika kubwa iliyonunuliwa kwa sifa. Na kwa kuwa rekodi hizi za Tracey ni za mkondo mmoja wa sauti, hata spika moja nzuri huzitendea haki.

Urithi wenye maswali

Tracey alikuwa mtu wa zama za ukoloni. Safari zake zilitegemea vibali vya tawala za kikoloni na fedha za makampuni, na watafiti wa leo wanauliza ni nani aliyenufaika na sauti za wanakijiji wasiomiliki santuri hizo. Katika miaka ya 2010 ILAM, ambayo sasa iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini, ilianza kurejesha nakala kwa jamii husika, wakiwemo Wakipsigis wa Kenya ambao wasichana wao walirekodiwa mwaka 1950.

Aliacha santuri 210 za mkusanyiko wa Sound of Africa, na mwanawe Andrew akaiendeleza maktaba. Ngoma alizozinasa Mengo ni za watu waliozipiga na wa vizazi vyao. Anayezipigisha leo kando ya barabara ya Ggaba ana wajibu mdogo lakini wa kweli: kuhakikisha kwamba zinasikika kwa mwendo na sauti ambazo wapigaji wake wangezitambua.