Woodrow Wilson: Kiongozi Aliyedhoofishwa na Mishipa ya Damu

Na Mwandishi Wetu

Thomas Woodrow Wilson, Rais wa 28 wa Marekani, alizaliwa tarehe 28 Desemba, 1856 katika mji wa Staunton, jimbo la Virginia, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kanisa la Presbiteri. Alisomea historia na siasa, akawa mhadhiri, na mwaka 1902 akateuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka 1911 alishika ugavana wa jimbo la New Jersey, na tarehe 4 Machi, 1913 akaapishwa kuwa Rais.

Dalili za maradhi yake zilitangulia madaraka. Mwaka 1896, akiwa na umri wa miaka 39, mkono wake wa kulia ulipoteza nguvu ghafla, akalazimika kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Mwaka 1906 aliamka asubuhi moja akiwa haoni vizuri kwa jicho la kushoto. Madaktari waligundua kuwa mishipa yake ya damu ilikuwa imekakamaa na shinikizo lake la damu lilikuwa juu. Walimshauri apumzike, kwa kuwa zama hizo hapakuwa na dawa ya uhakika ya kushusha shinikizo hilo. Alipopata nafuu, alirejea kazini kwa kasi ileile.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Wilson alikwenda Paris kushiriki mazungumzo ya amani, akiwa na dhamira ya kuanzisha Shirikisho la Mataifa, chombo kilichotangulia Umoja wa Mataifa wa leo. Mkataba wa Versailles ulitiwa saini tarehe 28 Juni, 1919. Kwa kuwa Baraza la Seneti la nchi yake lilisita kuuridhia, mwezi Septemba alipanda treni kwenda majimbo ya magharibi kuwaeleza wananchi, akatoa hotuba zaidi ya 30 katika muda wa wiki tatu. Baada ya hotuba ya Pueblo, Colorado, tarehe 25 Septemba, afya yake ilizorota na ziara ikakatishwa. Tarehe 2 Oktoba, 1919 alipatwa na kiharusi kikubwa kilichopoozesha upande wake wa kushoto.

Kilichofuata ni miezi ya usiri. Mkewe, Edith, na daktari wake, Cary Grayson, hawakuutangazia umma ukubwa wa maradhi hayo. Nyaraka za Serikali zilipitia kwa Edith, naye ndiye aliyeamua zipi zimfikie mgonjwa. Wilson hakukutana na Baraza lake la Mawaziri hadi Aprili 1920. Waziri wa Mambo ya Nje, Robert Lansing, aliyekuwa akiitisha vikao vya mawaziri wakati huo, alilazimishwa kujiuzulu Februari 1920.

Athari za kiharusi hicho hazikuishia mkononi na mguuni. Wilson aliyezoeleka kupima hoja alizidi kuwa mwepesi wa hasira na mgumu wa kusikiliza. Hakukiri kwamba hali yake ilikuwa imebadilika, hata akatamani kugombea muhula wa tatu. Aliwataka maseneta wa chama chake wakatae marekebisho yoyote ya masharti ya kujiunga na Shirikisho. Tarehe 19 Machi, 1920 mkataba ulikosa kura 7 tu kupata theluthi mbili zilizohitajika, na Marekani haikujiunga kamwe na chombo ambacho Rais wake ndiye aliyekipigania. Kwa hiyo, Tanganyika ilipowekwa chini ya udhamini wa Shirikisho hilo na kukabidhiwa Uingereza, Marekani haikuwa mwanachama.

Wilson alifariki dunia tarehe 3 Februari, 1924 akiwa na umri wa miaka 67. Mwaka 1967 Katiba ya Marekani iliongezewa Marekebisho ya 25, yanayoweka utaratibu wa kukaimu madaraka pale Rais anaposhindwa kutekeleza majukumu yake.

Sayansi ya leo inaeleza vizuri zaidi maradhi ya aina hii. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia sehemu kubwa ya damu inayosukumwa na moyo. Shinikizo la juu la damu linapodumu kwa miaka, mishipa midogo ya ubongo hukakamaa na kuziba, na sehemu ndogondogo za ubongo hufa pasipo mgonjwa kuhisi maumivu. Matokeo yake yanaweza kuwa demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu, fikra na uwezo wa kuamua. Kisukari na uvutaji wa sigara huongeza hatari hiyo. Utafiti uliotolewa nchini Marekani mwaka 2019 ulionesha kuwa kudhibiti shinikizo la damu kwa kiwango cha chini zaidi hupunguza hatari ya dalili za awali za kudhoofika kwa fikra.

Wilson hakuwa na dawa. Mwananchi wa leo anazo. Kupima shinikizo la damu huchukua dakika chache, na aliyeandikiwa dawa hapaswi kuziacha kwa sababu tu anajihisi mzima. Aidha, mzee anapobadilika tabia au kupoteza kumbukumbu, familia isimfiche wala kumhusisha na uchawi, bali imfikishe mapema katika kituo cha huduma za afya.