Mackay, Mzungu wa Kazi: fundi aliyeifufua injini iliyobebwa vichwani

Fundi yeyote wa kijijini aliyewahi kufungua injini ya pikipiki au ya mashine ya kusaga anaijua saa moja ngumu. Hedi imeshatoka, valvu ziko kwenye karai, bolti zimetandazwa juu ya gunia, na mwenye mashine amesimama pembeni anauliza itawaka lini. Hapo ndipo fundi anapojulikana. Leo tunawasimulia maisha ya mtu aliyefikwa na saa kama hiyo mwezi Juni 1878, kando ya Ziwa Viktoria, wakati duka la vipuri la karibu lilikuwa Ulaya.

Jina lake ni Alexander Mackay. Wengi wanamjua kwa habari za Uganda, maana alikuwa mmisionari katika Buganda ya Kabaka Mutesa na ya Mwanga. Sisi tunamtazama zaidi kama fundi, na tunadhani hata yeye asingekataa.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, lakini kijana alivutwa na mashine. Alisoma Edinburgh, akajifunza uhandisi, kisha mwaka 1873 akaenda Berlin, Ujerumani, kufanya kazi ya kuchora michoro ya mashine kwenye kiwanda. Mwaka 1875 gazeti moja la London lilichapisha barua ya msafiri Henry Stanley iliyoomba wamisionari waende Buganda, wakiwemo watu wenye ufundi wa mikono. Shirika la CMS la Uingereza likakusanya kikundi, na Mackay akawa mmoja wao. Alifika Zanzibar Mei 1876.

Hapo ndipo shida ya usafiri ilipoanza. Siku hizo reli haikuwepo, barabara ya gari haikuwepo. Njia kuu ya misafara ilitoka pwani, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, na Tabora ikagawanyika: mkono mmoja ukaelekea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwingine ukapanda kaskazini kuelekea Usukuma na Ziwa Viktoria. Mizigo ilibebwa na wapagazi, na katika kazi hiyo Wanyamwezi walikuwa na sifa kuliko wote. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30.

Sasa fikiria injini ya mvuke ya kuendeshea boti. Hakuna mtu wa kuibeba nzima. Ilibidi ifunguliwe vipande vipande, na boila nayo ije kama mabati yasiyoungwa bado kwa ribiti. Mackay alijaribu njia nyingine. Mwaka 1877 alisimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kama kilomita 370, ili magari ya ng'ombe yapite. Barabara ilipatikana, ila mbung'o waliwamaliza ng'ombe. Ikabidi kurudi kwenye vichwa na mabega ya watu.

Wenzake walikuwa wametangulia ziwani na sehemu kubwa ya shehena. Daktari wa kikundi alifia huko kwa maradhi. Desemba 1877, wawili wengine, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe katika ugomvi baina ya mtawala Lukonge na mfanyabiashara aitwaye Songoro. Mackay alipofika Kageyi, karibu na Mwanza, alikuta kibanda kilichojaa mali ya watu waliokufa.

Tungependa msikilizaji atulie hapa kidogo. Ndani ya kibanda kile silinda ilikuwa upande mmoja na kitako chake upande mwingine. Mabomba ya mvuke yalilala pamoja na vitabu, herufi za kuchapia zilichanganyika na kauri za kununulia chakula, na mbegu za bustani zilikuwa kati ya misumeno. Vumbi na kutu vilikuwa juu ya kila kitu. Mtu aliyetembea miezi miwili kutoka pwani angekuwa na haki ya kukata tamaa, na yeye mwenyewe aliandika kwamba alikaa chini akiwa na sura hiyo.

Kisha akaanza kupanga. Kwa siku kumi, tangu alfajiri hadi giza, alitenga, akasafisha, akalinganisha kipande na mwenzake. Siku ya kumi injini ilikuwa imesimama, imekamilika hadi skrubu ya mwisho, na mabati ya boila yalikuwa tayari kupigwa ribiti.

Fundi wa leo ataielewa kazi ile. Katika injini ya mvuke, mvuke ndio unaosukuma pistoni, na silinda hufungwa kwa vifuniko. Pale kifuniko kinapokutana na silinda ni sawa na pale hedi yetu inapokaa juu ya bloku. Uso ule ukiliwa na kutu au ukiachwa na uchafu, pumzi inavuja na nguvu inapotea, uwe unatumia mvuke, petroli au dizeli. Ndiyo maana mafundi wazuri hawaanzi na nyundo. Kila valvu wanaiwekea alama ili irudi kwenye tundu lake. Bolti wanazichomeka kwenye kipande cha boksi kwa mpangilio ule ule zilivyotoka. Uso wa hedi wanaukwangua gasketi ya zamani bila kuuchubua, kisha wanaweka rula ya chuma juu yake na kutazama kama mwanga unapita chini. Mwanga ukipita, hedi imepinda, na gasketi mpya haitasaidia mpaka isawazishwe. Wakati wa kurudisha, wanakaza bolti kuanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo kwa mizunguko, wala hawamalizi moja kabla ya kugusa nyingine.

Jambo moja katika habari ya Kageyi linatugusa sisi watu wa huku. Mackay alishangaa kwamba baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,100 karibu kila kitu kilikuwepo, hata vile vidogo kabisa. Hakuna aliyeandika majina ya wapagazi waliovifikisha. Kama mmoja wao angeutupa mzigo wa nati porini kule Ugogo, na sababu zilikuwepo, ufundi wa Berlin usingefaa kitu.

Baadaye Mackay alivuka kwenda Ukerewe kuonana na Lukonge, halafu akasafiri kuelekea Buganda kwa boti yao iliyoitwa Daisy. Dhoruba iliivunja njiani. Wakakaa wiki nane pwani ya ziwa. Wakakata kipande cha katikati, wakatumia mbao zake kuziba mbele na nyuma, kisha wakaziunganisha ncha mbili. Boti ikawa fupi, lakini ikaelea. Novemba 1878 alifika kwa Mutesa.

Miaka ya Buganda ni habari ndefu. Alifua vyuma, alichapa vitabu, na mwaka 1882 alitengeneza majeneza makubwa ya mama yake Mutesa. Chini ya Mwanga waumini wengi waliuawa, baadhi yao wanafunzi wake. Mwaka 1880 alishuka hadi Uyui, jirani na Tabora, ambako shirika lake lilikuwa na kituo, kufuata shehena iliyokwama. Mwaka 1887 aliondoka Buganda, akahamia Usambiro kusini mwa ziwa.

Huko watu walimwita Mzungu wa Kazi. Stanley alipopita mwaka 1889 pamoja na Emin Pasha alikuta karakana imara iliyojaa zana, na wahunzi wakiwa kwenye boila ya boti ya mvuke. Mackay alikuwa na miaka karibu 40, na kwa miaka 13 hakuwa amerudi kwao hata mara moja.

Malaria ilimuua Usambiro tarehe 8 Februari 1890, akiwa bado kwenye kazi ya boti ile. Alizikwa hapo hapo. Miaka mingi baadaye mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.