Niels Abel: Msee wa Hesabu Aliyesota Hadi Mwisho, Barua ya Kazi Ikamkuta Ameshaaga

Kama unadhani kusota ukiwa na masomo kichwani kulianza na sisi, cheki story ya Niels Henrik Abel.

Jamaa alizaliwa Norway mwaka wa 1802. Buda yake, pasta, alifariki 1820 akaacha madeni, na Abel akabaki na familia ya kuangalia akiwa na miaka 17 tu. Ticha wake wa hesabu, Holmboe, aliona kijana ni moto, akasaidia kutafuta doo asome chuo.

Sasa, hesabu yenyewe. Mzingo wa duara ni rahisi: fomula moja, umemaliza. Lakini livute duara kidogo liwe duaradufu, kisha utafute urefu wa mzingo wake. Integrali inayotokea inagoma kabisa, haifunguki kwa fomula zozote za shule. Mfaransa Legendre alikuwa amekomaa na integrali za ukoo huo kwa miaka kama 40.

Abel akazigeuza. Badala ya kuuliza ukipewa x jibu ni ngapi, akauliza: ukipewa jibu, x ni ngapi? Hapo ndipo mambo yalifunguka. Fomula za trigonometria hujirudia kwa mwendo mmoja. Hizi mpya zilijirudia kwa miendo miwili. Noma sana.

Mwaka wa 1826 alipeleka kazi yake kubwa kwa Akademia ya Sayansi, Paris. Cauchy, mmoja wa waliopewa kuisoma, akaiweka kando. Abel akangoja, wapi! Ganji ikaisha, akarudi home bila kazi ya kudumu, akawa anafundisha watoto wa watu tuition huku TB ikimmaliza. Dem wake, Christine Kemp, walikuwa wamechumbiana lakini hakukuwa na pesa ya harusi.

Alifariki tarehe 6 Aprili 1829, miaka 26. Siku 2 baadaye, beshte yake Crelle aliandika barua kutoka Berlin: kazi imepatikana.

Mwaka wa 1830 Akademia ikampa tuzo pamoja na Jacobi, na ile kazi ya Paris ikachapishwa 1841. Tangu 2003, Norway hutoa Tuzo ya Abel kwa magwiji wa hesabu, mamilioni ya pesa. Mwenyewe hakuonja hata shilingi.

Kwa hivyo kama kuna msee amekutumia kazi yake uiangalie, usiikalie. Isome leo.