Favaloro: Daktari wa kijijini aliyeipa damu ya moyo njia mpya

Baba yake alikuwa fundi seremala na mama yake fundi cherehani, familia yenye asili ya Sicily. René Favaloro alizaliwa Julai 12, 1923 mjini La Plata, Argentina, akasomea udaktari hapo hapo. Kazi katika hospitali ya mjini ilikuwepo, ila kwa sharti la kutia saini kwamba anaunga mkono itikadi ya serikali ya Juan Perón. Alikataa.

Mwaka 1950 alikwenda kumshikia nafasi daktari aliyekuwa mgonjwa huko Jacinto Aráuz, kijiji cha mkoa wa La Pampa. Safari ya muda mfupi ikawa miaka 12. Yeye na mdogo wake Juan José, naye daktari, walianzisha kliniki yenye chumba cha upasuaji na kuwafunza wakunga. Benki ya damu haikuwepo, hivyo wanakijiji wenyewe waliandaliwa kuitwa kutoa damu ilipohitajika.

Mwaka 1962 alifika Cleveland, Marekani, akiwa na Kiingereza cha kubabaisha na bila leseni ya huko. Alianza kama mtazamaji tu. Kazi za mchana zikiisha, alizama katika filamu za mishipa ya moyo zilizopigwa kwa njia aliyoigundua Dk Mason Sones, moja baada ya nyingine.

Filamu zilionyesha tatizo lilipo. Mafuta yakijikusanya ndani ya mishipa inayoulisha moyo, damu hupungua. Sehemu ya msuli hufa, nyingine husinzia, na iliyobaki hubeba mzigo wote hadi moyo unatanuka na kulegea. Mei 1967 Favaloro alimpasua mwanamke wa miaka 51, akatumia mshipa wa mguu wake mwenyewe kuipa damu njia mpya palipoziba. Waendesha malori wanaijua hesabu hiyo: daraja likifungwa, hutafutwa mchepuko.

Mchepuko huo haufufui msuli uliokwisha kufa. Uliosinzia ndio huweza kuamka, na kwa baadhi ya wagonjwa moyo uliotanuka hupungua kadiri miezi inavyopita, dawa zikiendelea. Mfupa wa kifua huhitaji takriban miezi miwili hadi mitatu kuunga. Katika kipindi hicho kubeba gunia ni hatari, hata kwa anayejiona mzima. Siku hizi upasuaji huu hufanyika pia Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Favaloro angeweza kubaki Marekani na kutajirika. Mwaka 1971 alirudi nyumbani, mwaka 1975 akaanzisha taasisi yake, na mwaka 1992 ikafungua hospitali Buenos Aires iliyotibu hata wasio na uwezo. Hapo ndipo mkopo ulipomnasa. Mifuko ya bima iliyopeleka wagonjwa haikulipa kwa wakati, huku taasisi yenyewe ikidaiwa mamilioni ya dola. Aliandika barua kuomba msaada, hadi kwa Rais Fernando de la Rúa. Julai 29, 2000, akiwa na miaka 77, alijitoa uhai.

Hospitali yake bado inapokea wagonjwa. Majivu yake yalipelekwa Jacinto Aráuz, kama alivyotaka.