Habari za Sewa Haji

Watu wengi wa mwambao wamelisikia jina la Sewa Haji, lakini wazijuao habari zake ni wachache. Tumeona vema kuzieleza kwa ufupi, kwani mna mazingatio ndani yake.

Sewa Haji Paroo, Khoja wa asili ya Kutch, alizaliwa mwaka 1851. Biashara yake ilikuwa Bagamoyo, akitafuta wapagazi na kuuza nguo na masurufu kwa misafara iendayo bara. Mwaka 1871, naye angali kijana, ndiye aliyemtafutia wapagazi Stanley alipokwenda kumtafuta Livingstone. Na Stanley alimlalamikia sana kwa bei zake.

Sasa zingatia, msafara hauendi kwa mtu mmoja. Kirangozi hutangulia njia, mnyapara huwasimamia watu, mpagazi hubeba, askari hulinda, mpishi hupika. Akikosekana mmoja, mzigo hulala njiani.

Alipotajirika, alitoa mali yake ijengwe hospitali Dar es Salaam kwa Waafrika na Wahindi. Ilifunguliwa mwaka 1897, na mwaka huo huo yeye akafariki, hajatimiza miaka hamsini. Akaacha wasia mali yake iwafae wagonjwa na wakoma. Wala hakuwa tabibu.

Na hospitali ni kama msafara. Tabibu huamua dawa. Lakini muuguzi aliyekesha ndiye ajuaye homa ilipanda saa ngapi, mpima damu ndiye auonaye ugonjwa usioonekana kwa macho, na mtengeneza dawa ndiye atambuaye dawa mbili zisizopatana. Tabibu asiyewasikiliza hao humdhuru mgonjwa, japo elimu yake ni nyingi.

Hospitali ile ndiyo asili ya Muhimbili ya leo, iliyo hospitali ya taifa, na humo limo jengo liitwalo Sewahaji. Mgonjwa wa nyanda za Ngorongoro huanzia Endulen, au Karatu. Akizidiwa hupelekwa mbele daraja kwa daraja, na daraja ya mwisho ni Muhimbili. Barua aliyopewa hapo mwanzo isiposomwa na wampokeao, safari yake ndefu hupotea bure.

Basi, ndugu yangu, ukienda kumzuru mgonjwa, mshukuru tabibu, wala usimsahau aliyemwosha, aliyempikia na aliyefagia chumba chake. Na mwenye mali akumbuke kwamba naye ana mzigo wake wa kubeba katika msafara huo. Mwenye kuponya ni Mwenyezi Mungu.