George Lilanga: Mlinzi wa Usiku Aliyebuni Wahusika Wake

Mtahiniwa, ukitoka Mnazi Mmoja kwa miguu ukaifuata Barabara ya Bibi Titi Mohamed kuelekea Upanga, utafika inapokutana na Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Hapo palikuwa na jengo lililojulikana sana la Nyumba ya Sanaa. George Lilanga ni mmoja wa wasanii waliokipatia kituo hicho sifa ndani na nje ya Tanzania. Soma maisha yake kwa makini, hasa kama kila unapoambiwa ubuni mhusika wako mwenyewe unajikuta umenakili katuni uliyoiona kwenye televisheni.

Mwanzo wake

Lilanga alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa Tanzania, katika jamii ya Wamakonde. Kama ujuavyo, Wamakonde wanasifika kwa uchongaji wa mpingo. Mpingo ni mti mgumu, na kosa la patasi halifutiki. Lilanga alianza kujifunza kwa kuchonga mihogo, ambayo ni laini na haina gharama, ndipo akahamia kwenye miti migumu. Zingatia hatua hiyo. Anayeanza anahitaji kitu anachoweza kukikosea mara nyingi bila hasara. Kwako wewe kitu hicho ni penseli na karatasi za nyuma ya daftari la zamani.

Baadaye alikubalika kijijini kama mchongaji. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, wakimbizi wengi walivuka mpaka na kuingia kusini mwa Tanzania. Lilanga aliwauzia vinyago wageni waliofanya kazi katika kambi za wakimbizi.

Kuja Dar es Salaam

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Lilanga alihamia Dar es Salaam. Ndugu yake wa ukoo, Augustino Malaba, alikuwa msanii wa Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll. Lilanga alipata kazi hapo, lakini si ya sanaa. Aliajiriwa kuwa mlinzi wa usiku.

Hebu jiweke katika nafasi yake. Ni mtu anayekaribia miaka 40, fundi aliyekwisha kutambuliwa kwao, na sasa analinda mlango wa nyumba ambamo wengine wanachonga na kuchora. Angeweza kukata tamaa akaacha sanaa. Hakuacha. Haukupita muda mrefu akahesabiwa miongoni mwa wasanii wa kituo hicho. Mwaka 1978 kazi zake nyingi zilionyeshwa mjini Washington, Marekani, katika maonyesho ya sanaa ya Afrika.

Wahusika wake

Hapa ndipo watahiniwa wengi hukosea. Usiandike kwamba Lilanga ndiye aliyeanzisha mtindo wa shetani. Mtindo huo ulikuwapo kabla yake, na anayetajwa sana kuwa mwanzilishi ni mchongaji Samaki Likankoa, katika miaka ya 1950. Tena, shetani katika sanaa ya Kimakonde si yule wa vitabu vya dini. Ni kiumbe wa masimulizi, mwenye umbo la ajabu, anayeweza kutisha au kuchekesha.

Lilanga alirithi viumbe hao, kisha akawafanya wake. Aliwapa alama zinazorudi katika kazi baada ya kazi: masikio makubwa, midomo inayoning'inia, matumbo yaliyojitokeza, na mikono na miguu yenye vidole viwili au vitatu tu. Kwa alama hizo, unaweza kuitambua kazi yake hata kabla hujasoma jina.

Alama peke yake hazitoshi. Mhusika huwa hai anapokuwa na shughuli. Viumbe wa Lilanga wanaishi kama majirani zako: wanakwenda sokoni, wanacheza ngoma, wanagombana, wanaugua, wanacheka. Ukipita Kariakoo asubuhi utawaona watu hao hao: mchukuzi aliyeinama chini ya gunia, mama anayepatana bei, kijana anayeita wateja mpaka sauti inakauka. Lilanga aliwatazama watu wa namna hiyo, akawavika masikio na midomo ya viumbe wake. Ndiyo maana kazi zake zinachekesha na wakati huohuo zinasema kweli.

Hakubaki kwenye mpingo pekee. Alichora kwenye mbao na kwenye ngozi ya mbuzi, akitumia rangi kali. Chombo kilibadilika, wahusika wakabaki wale wale.

Miaka ya mwisho

Lilanga aliugua kisukari, na ugonjwa huo ukasababisha akatwe miguu. Hata hivyo aliendelea kufanya kazi, akisaidiwa na vijana aliowafundisha. Alifariki dunia Dar es Salaam mwaka 2005. Huenda wewe ulikuwa hujazaliwa, lakini wahusika wake bado wanatambulika popote wanapoonyeshwa.

Mambo ya kukumbuka

1. Ubunifu hauanzii kwenye utupu. Anza na ulichorithi, kisha ongeza ulichokiona kwa macho yako.
2. Chagua alama chache za mhusika wako na usizibadilishe ovyo.
3. Mpe mhusika shughuli. Anayesimama tu bila kufanya lolote husahaulika.
4. Jifunzie kwenye kitu laini kabla ya kushika kigumu.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini si sahihi kusema kwamba Lilanga alianzisha mtindo wa shetani?
2. Taja alama tatu zinazotambulisha wahusika wa Lilanga.
3. Eleza jinsi kazi ya ulinzi inavyoonyesha msimamo wa Lilanga kuhusu sanaa.
4. Kaa mahali penye watu wengi kwa nusu saa, sokoni au kituo cha daladala. Mchague mtu mmoja, mbadilishe kuwa kiumbe mwenye alama tatu ulizozibuni mwenyewe, kisha mchore mara tano akifanya shughuli tano tofauti. Mwonyeshe mwenzako. Akimtambua katika michoro yote mitano, umefaulu.