Isoroku Yamamoto na Mchezo wa Vita

Kila tunapofundisha njia ya michezo ya kuiga, wanachuo hutuuliza swali lile lile: je, mchezo waweza kutabiri mambo yatakavyokuwa? Ili kulijibu tumeona vema tusimulie maisha ya mtu ambaye hakuwa mwalimu, ingawa alizaliwa na mwalimu.

Isoroku Yamamoto alizaliwa mwaka 1884 katika mji wa Nagaoka, Japani. Baba yake, mzee Takano, alikuwa na umri wa miaka 56, na hiyo ndiyo maana ya jina Isoroku. Jina la Yamamoto alilipata mwaka 1916 alipopokewa katika ukoo mwingine. Alihitimu chuo cha wanamaji mwaka 1904, na mwaka uliofuata, katika mapigano ya Tsushima dhidi ya Warusi, akapoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Baadaye alisoma katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Aliujua vizuri utajiri wa nchi ile, viwanda vyake na mafuta yake, kwa hiyo akawapinga waziwazi wale waliotaka kupigana nayo. Alipenda mno karata na sataranji ya Kijapani.

Mwaka 1939 alikabidhiwa uongozi wa manowari za Japani, na vita alivyovipinga ikambidi avipange yeye mwenyewe.

Mchezo wa vita huchezwa mezani. Maofisa hugawanyika pande mbili, husogeza meli za mfano juu ya ramani, na mwamuzi hurusha dadu ili kuamua mabomu mangapi yamepata shabaha. Septemba 1941 shambulio la Pearl Harbor lilichezwa hivyo mjini Tokyo, na katika jaribio la kwanza Japani ilipoteza baadhi ya meli zake za kubeba ndege. Desemba 7 shambulio lenyewe lilipofanyika, meli zote sita zilirudi salama. Zilizopotea ni ndege 29 na nyambizi tano ndogo. Mchezo ulikuwa umetisha kupita kiasi.

Mwezi Mei 1942 ikaja zamu ya kisiwa cha Midway. Mchezo ulifanyika ndani ya manowari Yamato, na mwamuzi alikuwa Matome Ugaki, mkuu wa maofisa wa Yamamoto. Kwa masimulizi ya waliosalimika, dadu ilionyesha kwamba ndege zilizotoka kisiwani zimepiga mabomu tisa na kuzamisha meli mbili, Akagi na Kaga. Ugaki akayapunguza yakawa matatu. Akagi ikaokoka, na Kaga iliyozama ikafufuliwa katika mchezo uliofuata. Wengi humcheka kwa hilo, kama tunavyomcheka mwalimu anayeongeza alama ili darasa lake lipendeze. Sisi tunasema tusiharakishe. Siku ya mapigano, Juni 4, ndege za kisiwani hazikuipiga hata meli moja ya kubeba ndege. Kuhusu ndege hizo, Ugaki alikaribia ukweli kuliko dadu yake.

Tena ni huyo huyo Ugaki aliyeuliza wangefanyaje iwapo meli za Marekani zingetokea ubavuni wakati ndege zao zikishambulia kisiwa. Jibu alilopewa halikueleweka, na mchezo ukaendelea. Hapa ndipo tunapoliona kosa lenyewe. Mwanachuo anayeendesha mchezo wa soko darasani hujua jambo hili: mtoto akiuliza itakuwaje mnunuzi asipokuja, somo limefika penyewe, na kalenda ya masomo haina budi kungoja. Meli za Marekani zilitokea kweli, na Japani ikapoteza meli zote nne za kubeba ndege ilizozituma mbele.

Jambo moja halikuwapo juu ya ramani ile. Wamarekani walikuwa wameanza kuzisoma simu za siri za Wajapani, wakajua shambulio litafanyika wapi na lini. Mchezo hauwezi kuonyesha kisichojulikana na yeyote kati ya wachezaji wake.

Aprili 18, 1943, Yamamoto alipanda ndege kwenda kukagua askari wake karibu na kisiwa cha Bougainville. Ratiba ya safari ilikuwa imetumwa kwa simu ya siri. Wamarekani waliisoma nayo pia, na ndege zao zikamngoja angani kwa saa iliyoandikwa.